Mafuta ni yetu, lugha ya mkataba ni ya nani?

Nilikuwa nikifundisha somo la semantiki, nikiwaeleza wanafunzi wa mwaka wa pili tofauti iliyopo baina ya visawe na maneno yanayokaribiana maana tu. Nilipomaliza mifano yangu ya kila mwaka, mwanafunzi mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono. "Daktari," alisema, "je, mwekezaji na mkoloni ni visawe?"

Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka. Mwenye swali hakucheka. Alieleza kwamba kwao ni kusini mwa Turkana, na kwamba tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia mwezi Machi 2012, wazee wa kwao wamewaona wageni wa mataifa mbalimbali wakija na kuondoka, kila mmoja na karatasi zake. "Wazee huniuliza karatasi hizo zinasema nini," alisema. "Nimesoma hadi chuo kikuu, lakini siwezi kuwajibu."

Nilimjibu kwa haraka kuwa maneno hayo mawili si visawe, kisha nikaendelea na somo. Jibu lile halijaniridhisha hadi leo. Kwa hiyo naomba ruhusa ya wasomaji, hususan walimu wenzangu na wanafunzi wao, nilijibu upya swali la kijana huyu. Mimi si mwanauchumi wala mhandisi wa mafuta. Kazi yangu ni lugha. Lakini nimekuja kuamini kuwa katika kinyang'anyiro cha nishati kinachoendelea katika eneo letu la Afrika Mashariki, lugha ni sehemu ya kinyang'anyiro chenyewe.

Tuanze na maneno. Kabla ya neno "uwekezaji" kuenea, vitabu na magazeti yetu yalizoea kusema "kitega uchumi". Asili yake ni kitenzi "kutega", na kila aliyelelewa kijijini anajua kwamba mtegaji huacha chambo kidogo akitarajia windo kubwa. "Kuwekeza" nako kumetokana na "kuweka", kisha kikaongezwa kiambishi cha kukazia tendo. Mwekezaji haweki tu kama mtu awekaye mtungi chini apumzike, bali huweka kwa nia ya kupata zaidi ya alichoweka. Hakuna dhambi katika nia hiyo. Mkulima naye huweka mbegu ardhini. Ninachosisitiza ni kwamba Kiswahili hakikutuficha jambo, kwani maana ya faida imo ndani ya neno lenyewe.

Yapo maneno mengine yanayoficha. Tunasema "mfadhili", neno litokanalo na fadhila. Aliyetendewa fadhila kazi yake ni kushukuru, na si adabu kumwomba mfadhili hesabu. Wengine husema "mshirika wa maendeleo". Mshirika ana wajibu, na huyo waweza kumwuliza mtaji ni kiasi gani na faida inagawanywa vipi. Wachina wao hupendelea "rafiki", na rafiki ukimdai hati ya maandishi huenda akaona umemshuku. Kila jina kati ya haya humpa mwenyeji nafasi tofauti ya kusema. Anayekubali jina bila kulipima amekwisha kubali pia mahali pa kuketi mezani.

Sasa tuangalie historia, maana wahenga walisema asiyejua alikotoka hajui aendako. Mnamo Novemba 1884, Mjerumani Karl Peters alivuka kutoka Unguja hadi bara akiwa na wenzake wachache. Huko Msovero, katika nchi ya Usagara ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Morogoro, alikutana na Chifu Mangungo. Palitiwa sahihi hati iliyoandikwa kwa Kijerumani, ikidai kuwa chifu huyo ameikabidhi nchi yake na haki zake zote kwa jumuiya ya Wajerumani ya ukoloni. Mangungo hakujua Kijerumani. Alichokijua ni kile alichoelezwa na mkalimani. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zikapiga mstari kutoka mto Umba hadi ziwa Victoria, mstari ambao hadi leo ndio unaotutenga sisi na ndugu zetu wa Tanzania. Kule Tanzania jina la Mangungo limekuwa methali: mtu akitaka kuulaani mkataba mbovu wa madini au gesi, husema ni mkataba wa Mangungo.

Mimi huwa nasita kumcheka mzee yule. Hakuwa mpumbavu. Alikuwa mtu aliyeketi mezani akiwa na lugha moja, mbele ya mtu aliyekuja na lugha ya pili ambayo ndiyo peke yake iliyokuwa na nguvu za kisheria. Nauliza: mzee wa Lokichar au wa Hoima anayewekewa leo karatasi ya Kiingereza ana tofauti gani na Mangungo?

Kabla ya kufika Hoima, ni haki nikiri kuwa mashindano ya madola makuu hayakutuletea hasara tu. Methali ya fahali wawili wapiganao na nyasi zinazoumia imezoeleka mno, hata tumesahau kwamba mara nyingine nyasi zilipata mvua. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilijikuta haina njia salama ya kupitishia shaba na mafuta yake. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa na Waitaliano na kuanza kazi mwaka 1968. Nchi za Magharibi hazikutaka kugharamia reli, zikidai haina faida. Mwaka 1967 Uchina ilikubali kuijenga kwa mkopo usio na riba, na kufikia 1975 kilomita 1,860 za reli zilikuwa zimetandikwa. Wamarekani nao, wasitake kuachwa nyuma, walisaidia kujenga barabara ya kwenda Zambia. Julius Nyerere na Kenneth Kaunda waliyatumia mashindano ya wakubwa kwa maslahi ya nchi zao. Walijua wanachokitaka kabla mgeni hajabisha hodi. Hilo ndilo somo.

Tuje sasa kwenye Ziwa Albert. Mwaka 2006 ilithibitishwa kuwa upande wa Uganda wa bonde la ziwa hilo una mafuta ya kutosha kuchimbwa kibiashara. Makadirio yaliyotolewa baadaye ni mapipa bilioni 6.5 yaliyo ardhini, ambayo kati yake takriban bilioni 1.4 yanaweza kutolewa. Waliotangulia kuchimba walikuwa makampuni ya kiasi ya kutoka Uingereza na kwingineko. Mwaka 2012 kampuni ya Tullow iliuza theluthi mbili ya haki zake kwa Total ya Ufaransa na CNOOC, kampuni ya serikali ya Uchina, kwa dola bilioni 2.9. Mwaka 2020 Tullow iliuza hata kile kilichobaki. Hivyo basi mafuta ya Waganda yakawa mikononi mwa Mfaransa na Mchina, na serikali ya Uganda ikiwa na fungu lake dogo kando.

Kiwanda cha kusafishia mafuta nacho kina hadithi yake. Mwaka 2015 zabuni ilishindwa na kampuni ya Kirusi iliyokuwa chini ya shirika la serikali la Rostec. Mwaka 2016 Warusi wakajitoa. Mwaka 2018 likaja kundi lililojumuisha kampuni ya General Electric ya Marekani na Saipem ya Italia, na kufikia 2023 mkataba wao ukawa umekwisha bila tofali kuwekwa. Mwaka 2025 Uganda ilitia sahihi na wawekezaji kutoka Falme za Kiarabu. Warusi, Wamarekani, Waitaliano na Waarabu wamepokezana kiti kimoja katika muda wa miaka kumi. Anayedhani dunia imeisahau Afrika Mashariki na aisome orodha hiyo tena.

Kisha kuna bomba. Mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, hugandamana yakipoa, kwa hiyo bomba la kuyasafirisha lazima lipashwe moto njia nzima. Swali lilikuwa lipite wapi. Agosti 2015 Uganda na Kenya zilikubaliana lipite Hoima, Lokichar hadi Lamu. Aprili 2016 Uganda ikatangaza kuwa litapita Tanzania hadi Tanga. Sisi Wakenya tulilichukulia jambo hilo kama kushindwa na jirani katika mchezo wa kandanda. Magazetini tuliandika juu ya Nairobi na Dar es Salaam. Wachache walitaja kwamba Tullow, iliyokuwa na visima Turkana, ilipendelea njia ya Kenya kwa sababu ingebeba na mafuta yake, na kwamba Total ilipendelea Tanga. Nyuma ya majirani wawili waliokuwa wakitazamana kwa jicho la husuda walisimama wageni wawili waliokuwa wakipiga hesabu zao kwa utulivu.

Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Kabaale wilayani Hoima hadi Chongoleani karibu na bandari ya Tanga. TotalEnergies ina hisa asilimia 62, mashirika ya serikali za Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC asilimia 8. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022. Mwezi huohuo Urusi iliivamia Ukraine, na Ulaya ikaanza kutafuta gesi kwa pupa. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaani bomba hili kwa sababu za haki za binadamu na mazingira. Lakini miezi michache kabla ya hapo, Mei 2022, Kansela wa Ujerumani alikuwa Dakar akizungumzia gesi ya Senegal, na Novemba 2022 shehena ya kwanza ya gesi iliyogeuzwa kuwa kimiminika kutoka bahari ya Msumbiji ilisafirishwa. Wabunge wa Uganda walijibu kwa ghadhabu, wakisema Ulaya ina vipimo viwili. Hawakukosea. Hata hivyo, mnafiki akikuambia nyumba yako inaungua, angalia kwanza paa lako, kisha ndipo umsute kwa unafiki wake.

Paa lenyewe likoje? Zaidi ya familia 13,000 katika nchi mbili zimepitiwa na bomba hilo katika ardhi zao. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kuwa wapo wakulima wa Uganda waliosema walishinikizwa kutia sahihi mikataba ya fidia iliyoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawawezi kuisoma. Niliposoma sentensi hiyo niliweka ripoti chini. Zaidi ya karne moja imepita tangu Msovero. Kilichobadilika ni lugha ya hati.

Tusidhani kwamba hayo ni ya majirani tu. Mwaka 1904 Wamaasai walitia alama kwenye hati ya Kiingereza iliyowahamisha kutoka Bonde la Ufa, ikiwaahidi kuwa makubaliano hayo yangedumu maadamu kabila lao lingalipo. Kufikia 1911 yalikuwa yamekwisha kuvunjwa na hati nyingine, wakahamishwa tena kutoka Laikipia. Leo, katika bonde hilohilo, Olkaria inatupa umeme wa mvuke tangu 1981, na wamekwisha pita hapo mafundi na mikopo ya Wajapani, Wachina, Wazungu na Benki ya Dunia. Mwaka 2014 jamii za Kimaasai zilihamishwa ili kupisha upanuzi wa mitambo, nao wakapeleka malalamiko yao kwa jopo la ukaguzi la Benki hiyo. Kwingineko, kwenye mradi wa upepo wa Ziwa Turkana wenye mitambo 365 na megawati 310, mahakama ya Meru iliamua mwaka 2021 kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa njia ya halali. Hata upepo, ambao hatukuwahi kufikiri kuwa una mwenyewe, una karatasi zake.

Mtu ataniambia: hayo ya wakubwa hatuyawezi. Nami nitamjibu kwa kumtajia Lamu. Ilikusudiwa kijengwe huko kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Benki kubwa ya Uchina ilikuwa tayari kukopesha, na General Electric ya Marekani ilitaka kuwa na hisa. Ninakumbuka kwamba mwaka 2019 balozi wa Marekani nchini aliyatetea makaa ya mawe hadharani. Yaani fahali wawili wanaopigana kila mahali duniani walikuwa wamekubaliana juu ya kisiwa cha wavuvi! Lakini wakazi wa Lamu, watu wenye mojawapo ya lahaja zilizobeba fasihi kongwe ya Kiswahili, walikwenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Kuamua Kesi za Mazingira. Juni 2019 baraza hilo lilifuta leseni ya mradi, na sababu moja kuu ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo wala hawakupewa taarifa kamili kwa wakati. Mwaka uliofuata benki ya Kichina ikajiondoa. Mradi wa mabilioni ulikwama kwa sababu watu walidai kuelezwa.

Kuelezwa kwenyewe si jambo jepesi, na hapa narudi darasani. Baada ya swali la yule kijana, niliwapa wanafunzi zoezi. Niliwataka wachukue kurasa chache za kielelezo cha mkataba wa mafuta wa aina ya kugawana mazao, ambacho kimechapishwa, wazitie katika Kiswahili ambacho mama muuza mboga wa Lodwar angekielewa. Walidhani wangemaliza kwa juma moja. Iliwachukua muhula mzima.

Walikutana, mathalani, na "mafuta ya gharama" na "mafuta ya faida". Mafuta yakitoka ardhini hayagawanywi papo hapo. Kwanza hutengwa fungu la kumrudishia mwekezaji gharama zake, na hilo ndilo mafuta ya gharama. Kinachosalia ndicho mafuta ya faida, na hicho ndicho kigawanywacho baina ya kampuni na serikali. Mwanafunzi mmoja aliuliza: "Na gharama hizo huandikwa na nani?" Huandikwa na kampuni yenyewe, na serikali ina haki ya kuzikagua. Pakazuka kimya darasani, kimya cha watu waliofahamu. Wakaendelea hadi kwenye kifungu kinachomlinda mwekezaji dhidi ya mabadiliko ya sheria. Mmoja wao alikipa jina la "kifungu cha kufunga mikono". Nilimwambia kuwa jina hilo halitakubaliwa na wanasheria, lakini linaeleza maana yake vizuri kuliko Kiingereza chenyewe. Walifika kwenye usuluhishi, wakagundua kuwa mgogoro wa mali ya Turkana unaweza kuamuliwa mbele ya wasuluhishi wa ng'ambo, mbali na mahakama zetu. Kuhusu mrabaha hawakupata taabu, kwani neno lipo.

Sheria yetu ya Petroli ya mwaka 2019 inasema kuwa katika mapato ya serikali yatokanayo na mafuta, asilimia 20 ni ya kaunti na asilimia 5 ni ya jamii ya mahali penyewe. Asilimia tano hizo zilipiganiwa. Katikati ya mwaka 2018 wakazi wa Lokichar waliyazuia malori ya mafuta kwa majuma kadhaa. Lakini asilimia tano ya nini? Si ya mafuta yote, bali ya kile kinachobaki baada ya mafuta ya gharama kutengwa na kampuni kuchukua fungu lake. Mzee asiyelijua hilo atangoja ng'ombe, kisha aletewe kwato. Na katika kungoja huko, wageni hubadilika. Mwaka 2023 TotalEnergies na Africa Oil zilijitoa Turkana, na mwaka 2025 Tullow iliuza mali yake kwa kampuni ya Gulf Energy. Wawekezaji huondoka na wengine wakaingia, na kinachobaki ni maandishi. Hiyo ndiyo sababu maandishi hayo yanapaswa kusomeka.

Najua hoja mbili zitakazoletwa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha. Hoja hii ni kongwe, nayo imekwisha jibiwa kwa vitendo. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Istilahi hazidondoki kutoka mbinguni. Huundwa pale watu wanapozihitaji, na Kiingereza chenyewe kilikopa maneno yake ya sheria kutoka Kifaransa na Kilatini bila kuona haya. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, na cha 71 kinataka mikataba ya mali asilia iidhinishwe na Bunge. Viweke vifungu hivyo vitatu pamoja, kisha uniambie ni kwa nini mkataba wa mafuta hauna nakala ya Kiswahili.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami sitaikwepa. Mtu anaweza kusema kuwa Mtwara wote hujua Kiswahili, na bado damu ilimwagika. Ni kweli. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Serikali ya Tanzania ilipoamua kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba lililojengwa kwa mkopo wa Uchina, watu wa Mtwara waliandamana Januari 2013. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya wizara ya nishati iliposomwa bungeni na kuthibitisha kuwa bomba lingejengwa, ghasia zikazuka, watu wakafa. Hotuba ile ilisomwa kwa Kiswahili fasaha. Walielewa kila neno, na kwa kuelewa kwao wakakasirika.

Mfano huo haunipingi, bali unanisahihisha. Lugha peke yake haitoshi. Watu wa Mtwara waliielewa hotuba, ila mkataba hawakuuona. Mkataba uliofichwa haufai hata ukiandikwa kwa lahaja ya Kiamu. Mambo mawili ni lazima yaende pamoja, yaani kufunguliwa kwa karatasi na kusomeka kwa karatasi. Sisi Wakenya tumelionja hilo katika reli ya kisasa. Mikataba ya mikopo ya Uchina ya mwaka 2014 ilifichwa kwa miaka minane, hadi sehemu yake ilipotolewa hadharani Novemba 2022. Siku ilipotolewa ilikuwa ni ya Kiingereza, yenye kurasa nyingi, na wengi wetu tulitegemea watu wachache watufasirie. Tulifunguliwa mlango wa chumba chenye giza.

Pia nisieleweke kuwa naikataa mitambo ya umeme au visima vya mafuta. Mtoto anayesoma kwa kibatari hana haja na mahubiri yangu juu ya ubeberu. Anahitaji taa. Wala sidai kuwa Mchina ni bora kuliko Mfaransa, au Mmarekani ni mwovu kuliko Mrusi. Kila mmoja amekuja kutafuta chake, na hiyo ni haki yake. Ninachosema ni kwamba wageni wanaposhindana, bei ya mwenyeji hupanda, mradi mwenyeji ajue anachouza. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, lakini kunguru aliyelala hafaidi kitu.

Basi walimu wenzangu, kazi yetu ni ipi? Tumezoea kuwapa wanafunzi ufahamu na ufupisho kutoka kwenye visa vya sungura na fisi. Visa hivyo ni vizuri, tuviendeleze. Lakini juma moja katika muhula, tuwape ukurasa wa sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016, au muhtasari wa tathmini ya athari za mradi ulio karibu na shule yao, wauandike upya kwa Kiswahili, kisha waupeleke nyumbani wausome mbele ya wazazi. Pale wanapozungumza Kiturkana, Kimaa, Kimijikenda au Kipokomo, waufasiri tena. Zoezi hilo litawafundisha sarufi, istilahi, uraia na heshima kwa wakati mmoja. Na wanafunzi wa vyuo wanaolalamika kwamba hakuna mada mpya za tasnifu, hii hapa mada isiyoisha.

Sasa nimjibu kijana wangu. La, mwekezaji na mkoloni si visawe. Mkoloni aliichukua nchi, akaandika hati baadaye kuhalalisha kitendo chake. Mwekezaji huanza na hati, na pasipo sahihi yetu hawezi kuanza kazi. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ndiyo nafasi yote tuliyo nayo. Inadumu kwa muda ule tu ambao kalamu iko mkononi mwetu na karatasi iko mezani, nasi tunaweza kuisoma. Tukitia sahihi tusichokielewa, tofauti ya maneno hayo mawili itabaki kwenye kamusi peke yake.

Mwezi uliopita kijana huyo alikwenda likizo kwao akiwa na daftari lenye kurasa kumi na mbili walizozifasiri pamoja. Aliporudi nilimwuliza wazee walisemaje. Aliniambia kuwa walimsikiliza tangu asubuhi hadi jua likawa la utosi, kisha mzee mmoja akamwuliza: "Kumbe maneno haya yalikuwa yanasemeka? Mbona hawakutuambia?"